Vidole Viwili Juu ya Springi

"Mjomba, hicho chuma kisichogusa kitu kinabeba nini?"

Nilimwuliza hivyo mwaka 1963, nikiwa na miaka kumi, nimelala kifudifudi kwenye mchanga kando ya barabara ya Lunga Lunga. Mjomba Mwero, nduguye mama, alikuwa chali chini ya lori la Bwana Ndeti.

"Kinabeba maswali yako. Nipe spana."

Mjomba alijifunza ufundi kwenye mashamba ya katani, akarudi kwetu Msambweni na kisanduku cha spana na kidole kimoja kilichopinda. Kazi yake hasa ilikuwa springi, yale mabapa ya chuma yanayopangwa juu ya ekseli kubeba uzito wa gari. Lori kuukuu likianza kukaa chini kwa nyuma, aliletewa yeye.

La Bwana Ndeti lilikaa chini kama mbuzi aliyechoka. Ndeti alikuwa Mkamba aliyepewa shamba kwenye makazi mapya ya Shimba Hills, na alitaka libebe mawe ya kujengea. Ndilo lililokuwa lori pekee kule juu, kwa hiyo wagonjwa pia lilikuwa likiwaleta hospitali ya Msambweni.

Mjomba alibadilisha mabapa yaliyovunjika, kisha juu yake akafunga springi fupi ya pili, kile chuma nilichokiuliza. Lori likiwa tupu, ncha zake zilibaki hewani, umbali wa vidole viwili chini ya fremu ya lori. Mawe yakipakiwa, fremu ilishuka ikazikalia.

Bwana Ndeti akachungulia. "Fundi, umeacha nafasi. Gongomea kabari hapo, ishike saa zote."

"Sigongomei."

"Basi navuka Likoni. Mombasa mafundi wamejaa."

Mama, aliyekuwa akileta chai, alisimama papo hapo. Lori lile likiondoka, mjomba hakuwa na jingine la kutengeneza, na kwa kabari za Mombasa wagonjwa wa kule juu wangeletwa kwa springi ngumu kama gogo.

Mjomba hakubishana. Aliingia jikoni kwetu, akatoka na bakuli limejaa pomoni.

"Tui tena, Mwero?" mama akapiga kelele. "Kwani maji hayamwagiki?"

"Utakuna jingine, Mbodze."

Akagongomea kabari kama alivyotakiwa. "Haya, Bwana Ndeti, panda nyuma, ushike bakuli. Naendesha mimi, mpaka kisimani na kurudi."

Waliporudi, Bwana Ndeti alikuwa mweupe kuanzia ndevu mpaka mshipi.

"Mimi nabeba mawe, Fundi! Sibebi tui!"

"Na Ijumaa ulibeba nini?"

Bwana Ndeti akaliweka bakuli chini. Ijumaa alikuwa amemleta bibi kizee mwenye homa. Alijipangusa uso kwa kofia yake. "Zitoe hizo kabari," akasema.

Safari ya pili, bila kabari, bakuli lilirudi na zaidi ya nusu. Yalikuwa maji. Mama alikataa katakata kutoa tui jingine.

Kila lori lililokuja baadaye mjomba alilipima hivyo, kwa vidole na kwa bakuli, nami nikadhani ni mbwembwe za mafundi. Sasa niko kidato cha pili. Mwezi uliopita lori lile lile lilishuka tupu kutoka makazini likiwa na Mama Syovata, mkewe Bwana Ndeti, aliyeshikwa na uchungu njiani. Akajifungua salama, mtoto wa kike. Mama akapika uji, akanituma niupeleke pamoja na mjomba, ambaye kabla ya hapo sikuwa nimepata kumwona akikaribia hospitali ile. Alifika getini akaketi juu ya jiwe, akilitazama lori. Nikamwuliza tena swali langu la utotoni.

"Lori likiwa na mawe, kinabeba mawe," akasema. "Likiwa tupu hakibebi kitu, na nataka kisibebe kitu. Kabla yako, mama yako alikuwa na mimba nyingine. Nilimleta hapa kwa lori tupu, nililolikaza springi mwenyewe kwa ajili ya mawe, tena najiona fundi. Kwenye kila shimo aliliita jina langu. Mtoto hatukufika naye." Akakifunika kile kidole kilichopinda kwa mkono wa pili. "Bakuli la kwanza la kupimia alinipa yeye mwenyewe."