Siku Baba Alipotaka Kutua Juu ya Michembe

Baba yangu hajawahi kulisamehe gari lisilo na klachi. Aliendesha malori ya pamba barabara ya Tinde kwa miaka mingi, mkono wa kushoto umeshika gia kama anayemshika mchumba kiganja, na kwake gari linalobadili gia lenyewe ni kitanda chenye matairi. Kwa hiyo redio ilipomweleza kwamba ndege za abiria hujiendesha zenyewe sehemu kubwa ya safari, na kwamba wapo wanaofikiria kumwondoa rubani mmoja kati ya wawili, na baadaye pengine wote, hakushtuka. Alifurahi, kwa ile furaha mbaya ya mtu aliyewaonya watu wakamcheka.

Tatizo ni kwamba binti yake ni rubani.

Dada yangu alikuwa amemaliza mafunzo na kurudi nyumbani Ibadakuli, Shinyanga, kusubiri kazi. Alisubiri mpaka majirani wakaanza kumuuliza kama ndege zimeisha. Kisha kazi zikaja mbili ndani ya wiki moja, kama mvua za kwetu zinavyokawia halafu zikabomoa daraja. Shirika moja la Dar lilimtaka awe rubani msaidizi. Mgodi mmoja upande wa Geita ulimtaka ofisini, apange mabasi ya kuwabeba wafanyakazi. Wote walitaka jibu Jumatatu. Moyo wa dada ulikuwa Dar, lakini hakutaka kuondoka baba akiwa amenuna. Baba akinuna, nyumba nzima hula ugali kama iko msibani.

"Mayu," baba alimwambia Jumapili mchana tukila. Ndivyo baba wa Kisukuma anavyomwita binti anayempenda, yaani mama, na ndivyo anavyomwita pia anapotaka kumkatalia jambo. "Kompyuta ya ofisini unaiwasha wewe. Ile ya ndege inakuwasha wewe. Nenda Geita."

"Baba, mashine inasaidia tu."

"Inasaidia? Redio imesema hata kutua inatua yenyewe. Ukungu umejaa, hamuoni kitu, mmekaa mnatazama kama abiria. Sasa mnalipwa kwa ajili gani, kuvaa miwani?"

Nilicheka. Lilikuwa kosa, kwa sababu aligeukia upande wangu.

"Na wewe unacheka nini? Si wanasema kompyuta inaandika hadithi siku hizi? Nina watoto wawili, wote wanafanya kazi za mashine."

Nilikuwa naandika riwaya, imekwama sura ya nne, na kwa kweli siku hiyo ningeipa mashine yoyote iliyopita barabarani.

Dada alinawa mikono akaanza kueleza. Alisema kwenye viwanja vikubwa kuna mitambo mwishoni mwa njia ya kurukia, inayotuma mawimbi mawili ya redio, moja limeegemea kushoto, jingine kulia. Chombo ndani ya ndege kinayapima. La kushoto likizidi, umekwenda sana kushoto. Yakilingana, uko katikati. Mitambo mingine pembeni hufanya hivyo hivyo kwa juu na chini. Rubani anaweza kuyafuata kwa mkono, au akaiachia ndege iyafuate yenyewe.

"Sioni," alisema baba.

"Ndiyo maana yake, baba. Huoni, unafuata."

"Nasema sikuelewi."

Hapo ndipo dada alipopata wazo lake. Kwenye nyumba yetu kulikuwa na ngoma mbili kubwa. Moja ni ya baba mdogo, nyingine ya mjomba, kaka yake mama, na siku hiyo wote wawili walikuwa pale, wameshiba, hawana la kufanya. Dada aliwapanga mwisho wa uwanja wa nyumba, mjomba kushoto kwa anayetoka barabarani na baba mdogo kulia, katikati yao akaweka kigoda. Kigoda ndicho uwanja wa ndege. Baba akapelekwa mpaka barabarani, akafungwa macho kwa khanga ya mama. Alitakiwa atembee akisikiliza ngoma zote mbili zikiwa sawa, mpaka afike kwenye kigoda akae. Wapigaji walitakiwa kupiga polepole, kwa nguvu ileile, basi.

Dada alisoma hesabu na fizikia, akafaulu mitihani ya hali ya hewa. Lakini alisahau jambo ambalo kila mtu wa Shinyanga analijua. Baba mdogo ni Mgika, mjomba ni Mgalu. Bagika na Bagalu ni vyama viwili vya ngoma vya Wasukuma ambavyo kazi yake hapa duniani ni kushindana. Kila upande hucheza mwisho wake wa uwanja, na wanaovuta watu wengi ndio washindi. Mgika na Mgalu wakipewa ngoma na mtu mmoja wa kumvuta, hata akiwa amefungwa macho, hawawezi kupiga sawa. Ni kama kuwaambia fisi wawili wagawane mfupa kwa kipimo.

Walianza vizuri. Baba alitoka barabarani akinyoosha mikono mbele, hatua zake za heshima, kama bwana harusi. Ngoma zilisema pamoja, du, du, na nikaona uzuri wa jambo lile: mtu mzima gizani, anaongozwa nyumbani na sauti mbili ambazo ukweli wake uko katikati tu, mahali ambapo hakuna hata moja inayoshinda.

Kisha mjomba akaongeza kidogo.

"Mjomba, sawa sawa," alisema dada.

"Sijaongeza. Mkono una nguvu, nifanyeje?"

Baba mdogo alisikia tusi ndani ya jibu hilo. Akainua magoti, akaipiga ngoma kama inamdai. Majirani wakaanza kuja uani. Mmoja alishangilia upande wa Bagika, na mjomba naye akavua shati. Baba yetu alipepesuka huku na huku kama ng'ombe aliyelewa pombe ya mtama. Mwishowe mjomba alishinda, na baba, akidhani amekwenda sana kushoto, akakata kona kulia, moja kwa moja kuelekea kwenye mkeka ambako mama alikuwa ameanika michembe, vile vipande vya viazi vitamu tunavyovikausha juani.

"Baba wa watoto, michembe," alisema mama. Hakuna aliyesikia, kwa kelele.

Mguu wa baba ulikuwa tayari juu ya mkeka. Akasimama. Akanusa. Ngoma ya mjomba ilikuwa inamwambia kwamba yuko sawa kabisa, aendelee.

"Hapana," alisema baba. "Hii ni harufu ya michembe. Uwanja wa ndege hauna michembe." Kisha, khanga ikiwa bado usoni, akageuka akaanza kupapasa njia ya kurudi barabarani. "Hizi ngoma haziniongozi, zinagombana. Naanza upya."

Dada alikimbia akamshika mkono. Alikuwa anacheka huku macho yamelowa.

"Hicho ulichofanya, baba, ndiyo kazi. Gari au ndege nyingine ikipita mbele ya mitambo, mawimbi yanapinda. Ukiona hayaaminiki, unapaa tena, unaanza upya."

Baba alivua khanga. "Mashine isingeanza upya?"

Dada angeweza kudanganya. Nilimwona akifikiria. "Mashine nzuri ingegundua. Mara nyingi inagundua. Na pale inapochanganyikiwa, inapiga kengele, inamwachia mtu."

"Na mtu akiwa ameshaondolewa?"

"Hilo hawajalimaliza. Huenda wakalimaliza mimi nikiwa kazini. Huenda tukabaki mmoja mmoja, halafu tusibaki. Siwezi kukuahidi, baba."

Baba alimtazama mjomba, aliyekuwa anapokea pongezi kutoka kwa majirani kwa kumpeleka shemeji yake kwenye viazi. Akamtazama baba mdogo, aliyekuwa anadai mchezo urudiwe.

"Kama atabaki mmoja," alisema, "mimi nataka awe mtu anayenijua. Nenda Dar. Wasikupe ndege nikiwa ndani kabla hujazoea."

Mama alisema wabeja, asante, ila alimwambia Mungu, na baba akajifanya ameambiwa yeye.

Dada alitoa simu kuwaandikia watu wa mgodini kwamba hatakwenda. Baba alisogeza kigoda, akakaa karibu naye kuhakikisha mtoto wake hakosi adabu.

"Anza na shikamoo."

"Baba, hii ni ofisi. Hakuna anayeandika shikamoo."

"Humo ndani yumo mkubwa. Andika."

Aliandika. Jibu lilikuja kesho yake asubuhi, fupi, kutoka kwa mtu ambaye hatujawahi kumwona: marahaba, binti, safari njema.