Akamwani ya Mgeni wa Mama

Sijawahi kumwelewa mtu mzima anayepanga foleni ili amguse mtu mzima mwenzake. Foleni ya sukari naielewa. Ya hospitali naielewa, nimeikalia sana. Lakini kusimama juani umevaa fulana yenye sura ya mwanamume asiyekujua, ili ukifika mbele umwambie "nakupenda sana", naye akujibu "barikiwa" huku macho yake yako kwa anayekufuata, hilo limenishinda. Nimefundisha sekondari hapa Bukoba miaka mingi, na wanafunzi wangu watakwambia mimi sina dogo. Kwenye tamasha lile la mwimbaji maarufu nilikwenda kwa sababu moja tu: mama yangu mzazi aliniomba, na mama yangu si mtu wa kuomba.

Mama anakaa Muleba, kwenye kibanja cha migomba alichoachiwa na baba. Mwimbaji mwenyewe ni wa nyimbo za injili, anatoka Dar es Salaam, na sura yake utaikuta hadi kwenye kalenda za maduka ya mbolea. Baba alipougua alilala kitandani miaka miwili, na miaka yote miwili sauti ya huyu mtu haikutoka ndani ya nyumba ile. Ilikuwa kwenye redio ndogo ya kadi, kwenye kidirisha juu ya kitanda. Mimi nikifika mwisho wa mwezi naizima, maana ilinichosha. Nikigeuza mgongo tu, Mama anaiwasha. Baba alikata roho saa nne asubuhi, redio inaimba, na Mama hakuizima mpaka majirani walipoingia.

Tangu siku hiyo alikuwa na neno moja. Alisema huyu mtu amekaa kwetu miaka miwili, ametusaidia kuuguza, na hatujawahi kumpa hata akamwani.

Akamwani ni kahawa yetu ya kutafuna. Inachemshwa na majani yenye harufu nzuri, inaanikwa mpaka ikauke vizuri, halafu inawekwa kwenye bakuli kusubiri wageni. Mgeni akishaketi, mwenye nyumba anachukua punje yake kwanza, anaitafuna, ndipo anampa mgeni. Mwanamke akimpa mgeni wa heshima anapiga magoti. Mtoto wa nyumbani hakaribishwi, anachota mwenyewe kwenye bakuli akipita. Mgeni akitafuna, yameisha, ni mtu wenu. Akikataa, mtaendelea kusalimiana barabarani lakini kila mmoja anajua.

Basi tangazo la tamasha lilipopita redioni, Mama akachuma kahawa kwenye miti ile aliyoipanda baba nyuma ya jiko. Akaichemsha, akaianika, akaifunga kwa ganda kavu la mgomba na kukaza kwa kamba yake, kifurushi cha ukubwa wa ngumi. Ndivyo alivyowafungia wakwe zake, na ndivyo alivyomfungia askofu. Alipofika kwangu Kagondo, hapa Bukoba, Jumamosi, akaniwekea mezani nikione. Nikamwambia anunue hata karatasi ya zawadi, mjini zipo zenye maua. Akaniuliza kwani yule ni bwana harusi.

Jumapili tulitoka ibadani tukaenda moja kwa moja uwanjani. Sitaki kueleza sana tamasha lenyewe. Mwimbaji alichelewa, akashuka kwenye gari lenye vioo vyeusi, akaimba juu ya sauti yake mwenyewe iliyorekodiwa, na mara mbili alisahau kufungua mdomo. Wimbo ukaendelea bila yeye, na watu wakashangilia vilevile. Nilitazama huku na huku nione kama kuna mwingine aliyeona. Mama alikuwa analia kimyakimya, kitambaa mkononi, na mimi nilikuwa natafuna karanga.

Tamasha lilipoisha wakatangaza kwamba mtumishi atasalimiana na watu kwenye turubai pembeni. Hapo ndipo nilipowaona watu wa mji huu walivyo. Kulikuwa na mkubwa mmoja wa ofisi, ambaye ukienda na shida yako utakaa kwenye benchi lake mpaka uisahau, anasukumana na watoto wa kidato cha pili. Kulikuwa na mama mmoja nyuma yetu aliyekuwa akijifunza kulia. Kila foleni ikisogea anajaribu kidogo, anaacha, anajipaka poda. Wote walikuwa wameshika simu juu, na wakimfikia yule mtu walikuwa hawamtazami, wanajitazama wao kwenye kioo cha simu wakiwa karibu naye. Pembeni yake alisimama chawa wake mmoja, mpambe mwenye miwani ya jua na kipaza sauti. Kazi yake ilikuwa kusema songa, songa, kama anayeingiza ng'ombe joshoni.

Mama alikuwa amevaa kitenge cha umoja wa wanawake wa kanisa. Njia nzima alikishika kile kifurushi kwa mikono miwili, hakukitia hata kwenye mkoba. Aliniambia nitoe simu nipige picha za video, ili wenzake wa Muleba wamwone mgeni wake. Nikatoa. Nilikuwa nimesimama hatua moja nyuma yake.

Zamu yake ikafika, akapiga magoti. Kuna magoti ya kuomba na kuna magoti ya kukaribisha, na kwetu mtoto wa miaka mitano anajua tofauti yake. Yule kijana, maana ni kijana, hajafikia umri wa mdogo wangu wa mwisho, alirudi nyuma nusu hatua. Hakuinama. Alimtazama ajuza aliyepiga magoti, akalitazama lile ganda la mgomba lililofungwa kwa kamba, akamtazama chawa wake. Wakanong'onezana. Halafu akachukua kipaza sauti, uso ukabadilika, ukawa ule wa jukwaani.

Akasema mama huyu ameamua leo. Akasema amekuja na vitu vyake mwenyewe, hakuna aliyemlazimisha. Akaweka mkono juu ya kichwa cha mama yangu na kuanza kukemea mizimu. Chawa akakichukua kile kifurushi kwa karatasi, kwa ncha za vidole, akakitupa kwenye ndoo. Na watu wote wakaitikia moto, moto, uteketee. Wahaya hao, watu wa Kanazi, wa Maruku, wa hapa mjini, waliotafuna akamwani kabla hawajaota meno vizuri, ambao jikoni kwa mama zao kuna kifurushi kama kile kile. Wangenusa tu wangejua. Hakuna aliyenusa. Mkubwa wa ofisi naye alinyoosha mkono akaunguza pamoja nao.

Mama alifumba macho akasema amina. Alipoinuka akaniuliza kwa Kihaya kama mgeni ametafuna. Nikamwambia amepokea. Hakuniuliza tena, na jioni ile alikula ndizi zake akalala.

Watu wa mwimbaji walikuwa wamechukua picha zao. Jumatatu zilikuwa zimeenea mitandaoni, zimewekewa muziki wa kutisha, na maandishi makubwa: bibi wa Kagera asalimisha hirizi. Mama alirudi Muleba akakuta zimemtangulia.

Mwanzoni hakuniambia kitu. Nilijua wiki iliyofuata, ilipofika zamu ya wale wanawake wa kanisa kusali nyumbani kwake. Walikuja tisa. Mama akapitisha bakuli, akachukua punje yake kwanza, akatafuna, akamkaribisha wa kwanza. Huyo akasema tumbo linamsumbua. Wa pili akasema ametoka kunywa chai. Wa tatu aliiacha mikono yake mapajani. Hawa ni wanawake aliowapikia matanga, mmoja wao alimzalisha kwa mikono yake njiani wakienda zahanati. Miaka hamsini ya kukaa vizuri na watu, na kijana aliyesahau kufungua mdomo aliifuta kwa dakika moja na nusu.

Mama alinipigia simu siku hiyohiyo. Hakulia. Aliuliza, "Ile video yako unayo bado?" Nikasema ninayo. Akasema, "Basi uje nayo yote Alhamisi wasikie nilimwambia nini yule mgeni. Sitaki kufa na jina hilo."

Nilikuwa sijaifungua tangu siku ile. Nikajifungia chumbani nikaisikiliza. Kelele za uwanjani zilikuwepo, lakini kwa kuwa nilikuwa karibu, sauti ya Mama ilikuwa safi kabisa, ikianza na waitu, neno letu la kumheshimu mtu. "Waitu, karibu kwetu. Hii ni kahawa ya kutafuna. Mzee wangu ndiye aliyeipanda, akafa anakusikiliza." Nilifurahi, nikataka nimpigie papo hapo. Halafu ikaja sauti nyingine, kubwa kuliko ya Mama, kwa Kiswahili changu kilekile cha darasani.

"Mama, inuka. Umekishika hicho kitu kama umeleta hirizi. Unaniaibisha."

Na baada yake, chawa anamwinamia bosi wake. "Anasema hirizi."

Nilirudia mara nne. Nilikuwa nimesahau, au nilikuwa nimejisahaulisha, sijui. Wiki nzima nilikuwa nimemtukana yule kijana kwa kila aliyenisikiliza, na chawa wake, na watu wa Bukoba wote kwa ujumla. Kumbe hawakulibuni wao lile neno. Walipewa na mwalimu, binti wa mwenye kahawa, aliyekuwa anaona haya kuonekana na mama yake mbele ya watu ambao hata hakuwa anawaheshimu. Mimi niliyewadharau wenye fulana nilikuwa nataka nionekane wa maana na walewale.

Sasa sikia nilichofanya. Simu hizi zina mahali pa kukata video. Nilikata pale Mama anapomaliza kusema "anakusikiliza", nikafuta kilichobaki, nikalala usingizi mzuri.

Alhamisi nikafika Muleba. Wanawake walikuja, wengi kuliko tisa, maana umbea hauna tumbo la kuuma. Nikasimama katikati ya sebule nikainua simu, nikaongeza sauti mpaka mwisho. Wakasikia. Waitu, karibu kwetu. Wakasikia habari za mzee. Yule wa tumbo alishika mdomo. Mwingine akaanza kusema ndivyo alivyojua tangu mwanzo, na nilimtazama mpaka akanyamaza. Wakaomba iwekwe tena. Mara ya pili wawili walikuwa wanalia, na yule aliyezalishwa alipiga magoti mbele ya Mama akamwomba radhi, akaliomba na bakuli. Mama akachukua punje yake, akatafuna, akawapitishia. Walitafuna wote. Nilihesabu midomo, sikuona hata mmoja aliyeficha shavuni.

Nikajiona nimemaliza kazi. Nikakaa kwenye kiti cha baba, nikanyoosha miguu. Nilikuwa hata nimeanza kuwasimulia jinsi yule kijana anavyoimba juu ya kanda.

Mama akaja na bakuli mpaka nilipokaa. Nilinyoosha mkono nichote, kama nilivyochota maisha yangu yote. Akaliondoa kidogo. Kisha akashika ukingo wa meza na kuanza kuteremka, goti moja, halafu lile linalomsumbua, mpaka akafika chini, mbele yangu, sebuleni kwake, wanawake wote wakitazama. Hakuna mama anayempigia magoti mtoto wake.

Ndipo nikakumbuka kwamba siku ile alikuwa hatua moja mbele yangu, na masikio yake ni mazima. Alikuwa amenisikia. Alinisikia na bado akafumba macho akasema amina, akala ndizi zangu, akanipigia simu niilete yote. Na alikuwa ameisikiliza mara mbili hapa sebuleni, akasikia mahali inapoishia.

Akachukua punje moja, akaitafuna polepole. Akalishika bakuli kwa mikono miwili, akaniinulia.

"Waitu," akaniambia, "karibu kwetu."

Nilitaka kumwambia Mama, inuka. Sikuweza, neno hilo nilishalitumia. Nikapokea kwa mikono miwili kama mgeni, nikatafuna, naye akabaki pale chini ananitazama mpaka nilipomeza.