Majani Niliyomchumia Kogo

Vijana wa kanisa letu, huku upande wa Merigi, tulikubaliana kila mmoja achukue mgonjwa mmoja na kumchumia chai yake. Mimi nilipewa jirani yetu, mzee wa kike aliyeumia nyonga. Tulimwita kogo, kama tunavyowaita nyanya zetu wote.

Siku hiyo nilianza na shamba la mama. Nilichuma nilivyofundishwa, majani mawili na chipukizi, kikapu kikijaa polepole. Nilipofika kwa kogo jua lilikuwa kali na lori la kiwanda lilikuwa karibu kuja. Nikavuta kila kilichoshikika, majani magumu pamoja na vijiti, kisha nikashindilia kikapu kwa goti ili yaingie zaidi. Nilijiambia kwamba kitu cha bure hakichaguliwi. Yeye aliketi mlangoni, akaniita ninywe mursik, maziwa ya mgando ya kibuyu. Nikasema nina haraka.

"Basi Mungu akuone, mtoto wangu."

Sikutegemea kwamba angekuja kituo cha kupimia. Alikuja na fimbo yake, akipumzika kila hatua chache, kwa sababu alipenda kuona majani yake yakipokelewa. Hayakuwa yamewahi kurudishwa hata siku moja.

Karani aliyamwaga mezani. Joto likatoka. Ya katikati yalikuwa yameanza kuwa mekundu kwa kushindiliwa.

"Kogo, hii majani ni ya kiwanda ama ni ya ng'ombe?"

Watu wakacheka. Mama mmoja kwenye foleni akasema, "Na ni wewe ulikuwa unatufundisha kuchuma!"

Nilikuwa nyuma yake, hatua mbili tu. Aligeuka akaniangalia, bila hasira. Nadhani aliningoja. Mimi huona haya hata kuitwa jina mbele ya watu, lakini siku hiyo kilichonifunga mdomo hakikuwa haya. Nilijua la kusema, na lilikuwa fupi.

"Ni mikono yangu," akamwambia karani. "Imezeeka. Nirudishie tu."

Majani ya mama yalipita bila hata moja kutupwa.

Nilimbebea kogo majani mpaka kwake, tukayamwaga chini ya migomba. Njiani aliniuliza kama kwetu mvua ilinyesha vizuri. Mara tatu nilitaka kumwambia, na mara tatu nikajibu habari za mvua.

Wiki iliyofuata nilianza na shamba lake kabla ya letu, nikachuma vizuri. Nilipomwambia twende kituoni akatikisa kichwa. "Wewe peleka tu."

Jumapili, mwenyekiti wa vijana aliomba wote waliowachumia wagonjwa wasimame, kanisa liwashukuru. Kogo alikuwa benchi la mbele. Aligeuka kwa tabu, kwa sababu ya ile nyonga, akanitafuta kwa macho mpaka akaniona, akapiga makofi pamoja na wengine. Nami nilikuwa nimesimama.