Mota ya Kupanda Mawe

Naikumbuka siku ile ya Sanje, mwanangu, kila ninapokuona unahangaika kuchagua mota ya hicho kigari chako cha rimoti cha kupanda mawe. Unataka isiyo na kaboni, zile brashi zinazosuguana ndani ya mota, sawa, lakini kila siku unataka yenye mbio kuliko ya jana. Sikulaumu, damu hiyo umeitoa kwangu.

Miaka ya tisini nilikuwa fundi redio pale Ifakara, kijana mwenye roho juu juu. Nilimpenda Kabula wa kijiji cha Sanje, binti wa Mzee Masanja, mfugaji wa Kisukuma. Kabla ya kutuma mshenga nikaona nimvutie kwanza baba mtu kwa ufundi. Nikaunda kigari cha bati, cha betri na waya mrefu, ili kiyapande mawe ya kijito mbele yake. Nilikuwa na mota mbili: ya wipa ya gari, inayozunguka kwa kujivuta, na ya redio kaseti, inayolia kama nyuki. Nikafunga ya nyuki.

Kwenye vumbi kilikwenda mbio, watu wakashangilia. Kufika jiwe la kwanza magurudumu yakakwama, mota ikatoa moshi. Aibu niliyoiona! Palepale nikaanza kuifungua nitafute nyingine ya aina ileile.

"Nyanda," akaniita Mzee Masanja, ndivyo wanavyomwita kijana kwao. "Unajua sisi tunachaguaje maksai wa plau?"

"Hapana, baba."

"Tunamfunga gogo, tunamtazama. Anayerukaruka tunamwacha. Tunamchukua anayekanyaga, akavuta, akatulia, akavuta tena. Kaa hapa mpaka mavuno, unisaidie shamba. Halafu tuzungumze hilo lililokuleta."

Kumbe alijua! Na mpunga ulikuwa umeshachanua, mwanangu, mavuno hayakuwa mbali. Lakini niliona ninafungwa gogo mimi, fundi mzima. Kesho yake nikapanda basi kwenda Kidatu kutafuta kibarua cha miwa, ili nirudi kwa kishindo. Niliporudi, mpunga ulikuwa ghalani na Kabula alikuwa kwa mumewe. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na langu bado linauma. Mama yako ni mke mwema, usimpelekee maneno haya.

Basi sikiliza. Mota ya mawe usiichague kwa mbio. Chukua yenye mizunguko michache kwa dakika na nguvu nyingi, yenye sensa, kile kihisio kinachofuatilia mzunguko wake, inayoweza kuondoka taratibu hata gurudumu likibanwa. Ijaribu ikiwa na mzigo, si ikizunguka bure juu ya meza. Mbio za sakafuni huishia ukingoni. Na mtu mzima akikufunga gogo akutazame, vuta. Huenda ana kitu anataka kukupa, anaogopa tu kukikabidhi kwa mtu asiyekaa.

Mungu akutulize mikono na moyo, mwanangu, na heri yako ikija ikukute bado upo.