Upande Uliokatwa

Enzi zetu kule mtaani Jericho, Jumapili baada ya kanisa hukuwa na pa kujificha. Mama alikaa kwenye stuli mlangoni, uzi mweusi mdomoni, akanibana kichwa katikati ya magoti yake. Kila fungu la nywele alilizungushia uzi mpaka likasimama wima, kisha akayapinda yote na kuyaunganisha utosini kama mshikio wa kikapu. Alivuta, jamani! Hata kupepesa macho ilikuwa kazi. Wenzangu wakicheza mpira wa kati na kuruka bladaa waliniita, chapati za jirani zikanukia, nami siwezi kugeuza shingo. Nikilia, mama alisema, "Nyamaza, utakayependeza ni wewe, si mimi."

Jumatatu moja mwalimu mkuu alinitoa mbele kwenye paredi ya asubuhi. Akasema nywele za uzi ni ushamba, akachukua makasi na kukata upande wote wa kushoto mbele ya shule nzima. Wa kulia akauacha makusudi, nione haya vizuri. Na siku hiyohiyo ndiyo aliyokuja mpiga picha wa shule! Mama alipoiona ile picha aliizika sandukuni chini ya mashuka pamoja na uzi wake, na hakusuka kichwa cha mtu tena.

Sasa sikieni vituko. Binti yangu Shiko ana saluni Eastleigh. Watoto wa siku hizi wakiokota kitu cha zamani, wanakitia rangi kidogo, wanajipiga picha, basi wamebuni. Juzi akaingia kwangu akiringa. Kulia nyuzi zimepindwa kama mshikio wa kikapu, kushoto amenyoa. Ameupa mtindo jina, Jericho, na wasichana wanaupangia foleni.

"Mum, nimeona picha yako kwa sanduku la shosho. Kumbe mlikuwa wakali hivyo! Nani alibuni hii ya kunyoa upande?"

Damu ilinichemka. "Makasi ya mwalimu mkuu!" nikafoka. "Mdomo wa kuuliza wateja rangi unao, wa kuniuliza mimi hauna?" Nikamweleza yote huku nikimsukuma chumbani, maana mama, huyo shosho yake, anakaa nami sasa, na sikutaka aione aibu ile ikitembea mbele yake. Nilichelewa. Mama alikuwa amesimama mlangoni, amesikia kila neno.

Alimshika Shiko kichwa. Akapapasa nyuzi, akasema zimekaza vizuri. Kisha akapapasa ule upara, na mkono ukakaa hapohapo.

"Hapa pia nilisuka," akasema. "Nilisuka pande zote mbili."

Shiko akaangua kilio. "Pole, shosho."

"Nyamaza. Zikiota, njoo nimalizie."

Leo wasichana wanalipa ili wakatwe upande mmoja, wanatoka wakicheka. Mimi nilikatwa bure, nikarudi darasani kufanya hesabu, na mpaka leo hakuna aliyeniomba msamaha. Hasira haijaniisha, na sitaki iishe. Lakini asubuhi hii mama amenituma sokoni Muthurwa nimletee uzi mweusi, nami nimekwenda mbio.