Jiwe Linaloelea

Leo nimesugua visigino kwa jiwe jeusi lenye vitundu, na harufu yake ya majivu yaliyolowa imenirudisha utotoni. Mawe haya huletwa na bahari. Mwalimu alituambia ni povu la volkano lililoganda.

Baba alikuwa hajarudi kutoka baharini, siku ya tisa. Shangazi akaleta beseni la maji na jiwe kama hili.

"Wifi, likielea, kaka yu hai."

Likaelea.

"Haya, futa machozi, mwanamke we!"

Mimi nilikuwa nikiyachezea mawe hayo kila siku ufukweni, na sikuona hata moja likizama. Labda shangazi hakujua, sitaki kumwonea.

Mama alinigeukia. "Umeona, mwanangu?"

"Nimeona."

Akainuka kukuna nazi. Jioni akapakua sahani ya baba, akaifunika kwa kawa.