Mashuka Niliyoanika Majanini

Nilipokuwa mtoto pale Makobola, nilikaribia kumfukuzisha mjane mmoja kijijini kwa sababu ya mashuka mawili. Leo nina watoto watano na kazi isiyoisha, sina muda wa kupamba. Nitasema tu jinsi ilivyokuwa.

Nyanya yangu alikuwa na katazo moja: nguo zisianikwe majanini. Alisema wafu hupita hapo, na atakayelalia nguo hizo watamfinya mpaka wamtoboe. Siku hiyo nilitumwa kufua ziwani. Mawe ya ufukweni yalishajaa nguo za watu, na wenzangu walikuwa wanaogelea. Nikatandaza mashuka yetu kwenye majani, kivulini mwa michikichi, nikajitosa majini. Jioni nikayakunja, nikanyamaza.

Siku chache baadaye, mimi na mdogo wangu Bahati tulitokwa na majipu mgongoni. Hayakuwa majipu ya kawaida. Ukitulia ulisikia kitu kinajisogeza ndani.

Baba mdogo hakuchelewa kupata jibu.

"Hizo ni funza za kutumwa," alisema, "na mwenye kuzituma namujua."

Alimaanisha uchawi wa Mama Zawadi, jirani yetu mjane, ambaye juma lile alikuwa amegombana na mama juu ya kuku wetu walioparua mihogo yake. Ikaamuliwa kwamba Jumapili, baada ya ibada, ataambiwa afungashe vitu arudi kwao Katogota. Mimi niliyajua mashuka yale yalilala wapi, lakini niliogopa fimbo ya nyanya kuliko nilivyomhurumia Mama Zawadi. Ndivyo ilivyokuwa.

Kabla ya Jumapili, mama alitupeleka kwenye kituo cha afya, na baba mdogo akafuata. Muuguzi alinipaka vazelini nene juu ya jipu, akangoja. Kitu cheupe kikachungulia kutafuta hewa. Akabana, kikaruka nje. Bahati, aliyekuwa analia, akaanza kuruka: "Na yangu! Toa na yangu!"

"Ni mtoto wa inzi," alisema muuguzi.

"Inzi gani inazaa ndani ya mutu?" baba mdogo akauliza. "Weye umesoma, lakini usituchezee."

Muuguzi alichukua chupa, akatia mchanga wenye unyevu kidogo, akaweka funza aliowatoa kwetu sote wawili na kufunga mdomo wa chupa kwa bandeji. "Tungoje ikomae, tuone itakuwa nini."

"Ikioza," alisema baba mdogo, "ni ya kutumwa, na ule mama anaenda."

Wakakubaliana hivyo, na hukumu ya Jumapili ikaahirishwa. Kila tulipotoka shuleni tulikimbilia dirisha la kituo. Funza waligeuka kahawia, wakakauka kama punje za maharagwe, wasicheze tena. Nilidhani wamekufa. Sijawahi kuomba Mungu kwa nguvu hivyo, hata kwa mitihani.

Yapata majuma mawili baadaye, asubuhi moja, sauti ya Bahati ilisikika mpaka barabarani: "Imetoka! Iko na mabawa!"

Nusu ya kijiji ilifika. Ndani ya chupa alitembea inzi mnene wa rangi ya udongo wa njano. Muuguzi alifungua kitabu chake, akaweka kidole kwenye picha, kisha kwenye chupa: rangi ileile, mistari ileile mgongoni.

"Ni yeye. Funza yake kwa Kifaransa tunaiita ver de Cayor. Anataga kivulini, kwenye nguo mbichi zilizolala chini."

Nikasema, "Ni mimi. Nilianika majanini."

"Si nilikuambia!" nyanya akapaza sauti, kwa furaha ya mtu aliyeshinda kesi, hata akasahau kunichapa.

Mama Zawadi aliinamia chupa, akaitazama sana. "Kumbe mulozi ndiye huyu! Baba mudogo, mufungashie vitu basi, aende Katogota."

Tulicheka mpaka baba mdogo naye akashindwa kujizuia.

Nyanya hakubadilisha maneno yake hata siku moja. Kwake ni wafu tu. Alikuwa sahihi kuhusu majani, akakosea kuhusu anayepita hapo. Mimi napiga pasi kila kitu kuua mayai ya inzi, hata nepi, makaa yakiwepo, nikisinzia. Lakini ninalolishukuru zaidi ni yale majuma mawili ambayo mtu mmoja alituomba tungoje. Mama Zawadi alizeekea palepale. Ndiye aliyenisuka nywele siku ya arusi yangu, akizivuta kwa nguvu kuliko ilivyohitajika, nami nikavumilia.